Toa kwanza, ndo upokee: majibu ya barua zenu kuhusu kazi na simu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja. Watu wana kazi za kuumba, huyu hadithi, yule michoro, mwingine nyimbo, na kazi haziendi manake siku inaishia kwenye kioo. Nimezisoma zote, nimechagua saba, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Kama yako haipo usinune, nyingi zilifanana sana na naamini utajikuta ndani ya barua ya mwenzio.

Shikamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 26, naandika hadithi. Kila siku saa tatu usiku nakaa na laptop nasema leo naandika. Naandika sentensi mbili tatu, alafu nasema ngoja nicheki kitu kimoja tu kwenye simu, nikija kushtuka ni saa tano na nusu na sijui hata nilikuwa naangalia nini. Nishafuta apu nikazirudisha. Nishaweka simu sailenti. Tatizo ni mimi, sina nidhamu?
*Wa sentensi mbili*

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la nidhamu manake naona ndo linalokuumiza zaidi. Wewe umekaa peke yako na sentensi iliyogoma, na upande wa pili wa hicho kioo kuna watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha hushuki kwenye hiyo apu. Chukua hii ya kuskroli bila mwisho, unavuta tu na vitu vinaendelea kuja. Haikuwepo zamani, ukurasa ulikuwa unaisha na inabidi ubonyeze uende wa pili. Aliyeibuni, mwaka 2006, anaitwa Aza Raskin, na baadae mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia. Ule mwisho wa ukurasa ulikuwa na kazi yake, ndo mahali mtu alipokuwa anajiuliza niendelee au niache, sasa wameuondoa na swali limeondoka nao. Kwa hiyo acha kujitukana kwanza, kujitukana nako kunakula muda.

Ila kuna upande wako pia na siwezi kukuficha. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekaa miaka mingi sana anapima watu wakiwa kazini kwenye kompyuta. Mwaka 2004 alikuta mtu anatulia kwenye kioo kimoja wastani wa dakika mbili na nusu kabla hajahamia kingine, miaka ya karibuni imeshuka mpaka sekunde kama 47. Lakini kilichonishtua mimi kwenye kazi zake sio hizo sekunde, ni hiki: karibu nusu ya mara ambazo mtu anakatizwa, anayemkatiza ni yeye mwenyewe. Hakuna aliyepiga, hakuna meseji iliyoingia, ameacha tu. Sasa ndo uelewe kwa nini sailenti haijakusaidia, mlio haukuwa tatizo lako.

Hebu isome tena barua yako. Unaandika sentensi mbili tatu *alafu* ndo unataka kucheki simu. Mbona sio kabla? Mbona sio baada ya ukurasa mzima? Ni kwa sababu sentensi mbili za kwanza ulikuja nazo kichwani toka mchana, zimekaa tayari, ya tatu au ya nne ndo ya kutafuta. Simu haikuiti saa yoyote ile, inakuita pale pale hadithi inapokuwa ngumu, yaani pale ambapo kazi yenyewe ndo inaanza. Ukilijua hilo utaanza kuisikia ile hamu ya kunyoosha mkono kama alama, kwamba hapa nimefika penyewe. Siku nyingine ikija hiyo hamu usiinuke, andika hapo hapo kinachokukwamisha kwa maneno ya kawaida, mfano "hapa sijui mama mtu atamjibu nini, sitaki alie, labda acheke", endelea hivo hivo mpaka sentensi ipite. Utakuja kufuta baadae. Mimi mara nyingi jibu nalipata humo humo kwenye huo upuuzi wa kufuta.

Alafu simu itoke chumbani. Sio chini ya mto, sio kifudifudi mezani, itoke, ikae chumba kingine iwe kwenye chaji, ili kuifuata iwe ni safari. Kama unaitumia kama saa tafuta saa ya kawaida. Zima na intaneti kwenye laptop pia, manake ukifunga mlango mmoja utatokea wa pili. Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla hajaimaliza, akili haihami yote, kipande kinabaki kule ilikotoka. Ndo maana ukirudi toka kwenye simu unasoma sentensi yako kama ya mtu mwingine, nusu ya kichwa bado iko kwenye ugomvi wa watu usiowajua.

La mwisho na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Saa tatu usiku umeshapokea siku nzima, habari, video, meseji za grupu, maneno ya kila mtu yamejaa kichwani, alafu ndo unakaa kutafuta ya kwako. Geuza. Toa kwanza, ndo upokee. Ukiamka kabla hujaigusa simu andika dakika kumi, kwenye daftari hata kitandani. Kumi tu, usianze na masaa. Muitaliano Francesco Cirillo, yule aliyekuja na mtindo wa kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5 mwishoni mwa miaka ya 1980 akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, alipokuwa mwanafunzi alianza kwa kujiwekea dau kama ataweza kusoma kwa dhati dakika kumi tu. Na wewe anzia hapo, usiku utaukuta unabaki wa kuediti, ambayo ni kazi nyepesi kidogo kwa kichwa kilichochoka.

Dada habari. Nina swali fupi tu. Nimejaribu apu za kupanga kazi kama saba hivi, nyingine nimelipia kabisa, nimezipangilia na rangi na vipaumbele lakini kazi haziishi na orodha inazidi kurefuka. Ipi ni bora zaidi?
*Mwenye rangi nyingi*

Nzuri. Jibu langu nalo fupi, hakuna. Ukijumlisha masaa uliyotumia kuhamisha orodha toka apu ya kwanza mpaka ya saba nadhani kuna kazi mbili tatu hapo zingekuwa zimeshaisha. Kupanga kunapendeza manake kunakupa ile raha ya kufanya bila kufanya.

Mi nakushauri karatasi, tena ndogo. Orodha ndefu iache kwenye apu yoyote hata ile ya bure iliyokuja na simu, hiyo ni ghala, hakuna mtu anaishi ghalani. Kila jioni toa mambo matatu tu uandike kwenye kikaratasi cha kesho, na uyaandike kama kitendo unachoweza kuanza nacho mkono ukiwa tayari. Usiandike "tovuti", andika "kuandika aya ya kwanza ya ukurasa wa Kuhusu". Usiandike "wimbo mpya", andika "kurekodi beti la kwanza hata kwa sauti mbaya". Nakwambia kazi nyingi zinazokaa kwenye orodha miezi na miezi zimekaa kwa sababu zimeandikwa kama jina la kitu, mtu akilisoma hajui ashike wapi.

Na lile zigo la vitu visivyoisha linalokuamsha usiku, nalo lina dawa yake. Masicampo na Baumeister walichapisha utafiti mwaka 2011 wakaonyesha kwamba kinachopunguza ile kero ya jambo lisilomalizika sio lazima ulimalize, ukiandika tu mpango wa wazi, lini na vipi utalifanya, akili inaachia. Kwa hiyo kabla ya kulala liandikie siku na saa, ulale.

Shikamoo dada. Mimi ni mama wa miaka 34, natengeneza nembo na mabango, ofisi yangu ni meza ya nyumbani. Wateja wote wako WhatsApp. Meseji zinaanza asubuhi mpaka saa sita usiku, mtu anatuma "umefikia wapi", nisipojibu ndani ya dakika tano anatuma alama za kuuliza tupu. Naogopa nikikaa kimya watahama. Matokeo yake mchana kutwa najibu, kazi yenyewe naifanya usiku macho yameisha na kazi inatoka mbovu. Nifanyeje?
*Mama mabango*

Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara tatu manake niliwahi kupita hapo hapo, miaka kadhaa nyuma nilikuwa naediti kazi za watu na kuna mteja alikuwa ananitumia meseji saa saba usiku nami namjibu. Nilidhani ndo uaminifu. Kumbe nilikuwa namfundisha kwamba saa saba usiku mimi niko kazini.

Hapo ndo penyewe. Hizo dakika tano za mteja umemzoesha wewe, kwa wema kabisa, kwa kumjibu ndani ya dakika mbili tangu siku ya kwanza. Alichozoeshwa anaweza kuzoeshwa upya, ila sio kwa kukaa kimya ghafla, kimya kitamtisha kweli. Mwambie mapema na kwa heshima. Andika kitu kama hiki uwatumie wote leo: "Habari, kuanzia wiki hii nitakuwa najibu meseji saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, katikati hapo nakuwa kwenye kazi yako na simu iko mbali ili itoke vizuri. Kama kuna dharura nipigie." Watakaopiga utashangaa walivyo wachache, manake kuandika meseji hakumgharimu mtu kitu lakini kupiga anajiuliza kwanza. Ukiwa na WhatsApp Business kuna sehemu ya kuweka meseji inayojibu yenyewe ukiwa haupo, itumie, iandike kwa maneno yako mwenyewe isisikike kama mashine.

Kuhusu hizo mara tatu, kuna wataalamu wawili, Kushlev na Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Canada, walichapisha mwaka 2015 utafiti ambao watu waliambiwa wiki moja wafungue barua pepe mara tatu tu kwa siku, wiki nyingine wafungue wapendavyo. Ile wiki ya mara tatu msongo wa mawazo ulipungua. Barua pepe sio WhatsApp najua, lakini mwili ni ule ule mmoja unaoshtuka kila kitu kinapoingia.

Sasa nakuja kwenye ambalo naona litakusaidia kuliko hata ratiba. Mteja anayeuliza "umefikia wapi" mara nyingi hana haraka, ana wasiwasi. Ametoa hela, haoni kitu, labda alishawahi kutapeliwa na mtu mwingine. Meseji yake sio ya kutaka kazi, ni ya kutaka kutulizwa. Basi mtulize kabla hajauliza. Kila siku muda ule wa saa kumi na moja mtumie picha moja ya kazi ilipofika, hata mchoro wa penseli, na sentensi moja, "leo nimemaliza umbo, kesho rangi". Dakika moja kwa kila mteja. Mi nilivyoanza hivo zile alama za kuuliza zilikufa ndani ya wiki mbili, na wateja wakaanza kunisifia kwamba nawasiliana vizuri, wakati ukweli nilikuwa nawasiliana kidogo kuliko zamani.

Na pale inapobidi kabisa uache kazi ukajibu, kabla hujainua simu andika mstari mmoja kwenye karatasi, niko wapi na kinachofata ni nini. "Nilikuwa nasogeza herufi za juu, zinabana upande wa kulia." Ukirudi unaanzia hapo, huanzi kutafuta.

Yupo atakayegoma, mmoja au wawili. Huyo uangalie anakuletea kiasi gani na anakula muda gani, ukishapiga hesabu utajua cha kufanya na sio lazima umuombe mtu ruhusa.

Dada, mi ni muuguzi, shifti zinabadilika kila wiki, na nina watoto wawili wadogo. Nina riwaya kichwani miaka minne sasa. Nikiingia onlaini naona watu wanasema amka saa kumi alfajiri, fanya mazoezi, andika masaa matatu. Siku niliyojaribu nilisinzia nimesimama kazini. Ina maana watu kama sisi tusiandike?
*Muuguzi wa riwaya*

Muandike, tena nyie ndo mnaona mambo. Na usiamke saa kumi tafadhali, ukiwa umetoka shifti ya usiku lala, mtu anayeshika sindano na dawa za watu usingizi wake sio wa kuchezea, na sentensi zinazoandikwa na mtu asiyelala siku mbili nazo mara nyingi ni za kufuta.

Hawa wanaopost ratiba zao huwa hawapost nani anapika na nani anawaamsha watoto. Hata wa zamani ni hivo hivo. Muingereza Anthony Trollope anasifiwa sana, alikuwa mfanyakazi wa posta, anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaweka saa mezani na kujilazimisha maneno 250 kila robo saa, na kwa mtindo huo aliacha riwaya 47. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa na mtumishi anayemlipa kazi ya kumuamsha na kumletea kahawa. Mfano unaokufaa wewe ni wa Toni Morrison. Alikuwa mhariri wa kuajiriwa kwenye kampuni ya uchapishaji, analea watoto wawili wa kiume peke yake, na anaandika kabla hawajaamka kwa kuibia ibia tu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, na mwaka 1993 akapewa Nobel. Hakusubiri muda upatikane ndo aandike.

Lakini hata alfajiri ya Morrison wewe huna kila wiki, shifti zinahama. Kwa hiyo usifunge uandishi wako kwenye saa, ufunge kwenye tukio ambalo lipo kila siku hata ratiba igeuke vipi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanyia kazi jambo hili miaka mingi na kinachofanya kazi ni sentensi ya namna hii, *ikitokea hiki nafanya hiki*. Mfano: "Nikishavua viatu vya kazi, kabla sijakaa kwenye kochi, naandika mistari minne." Mistari minne kweli, sio kiasi cha kuanzia ili uje uongeze wiki ijayo. Siku ikikubali itakuwa ishirini yenyewe, siku ikikataa minne inatosha na umeshinda.

Usimalizie wazo. Hii alikuwa anaisema Hemingway, kwamba anaacha kuandika wakati bado anajua kinachofuata. Kwa mtu mwenye masaa mengi ni ushauri mzuri, kwa mtu wa dakika kumi kama wewe ndo uhai wenyewe, manake huna dakika tano za kujikumbusha ulikuwa wapi. Acha mlango wa mhusika ukiwa nusu wazi, kesho ukivua viatu unajua nani anaingia. Na ukiwa njiani kwenda kazini jirekodi sauti kwenye simu, hapo simu ni rafiki kabisa.

Alafu usihesabu siku 21. Hiyo namba imezungushwa sana, asili yake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake wanachukua angalau kama siku 21 kuzoea sura mpya. Sura, sio tabia. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London uliochapishwa 2010 ulikuta tabia inachukua wastani wa siku 66 mpaka ijiendeshe yenyewe, wengine siku 18, wengine ikakadiriwa mpaka 254. Na walikuta kuruka siku moja hakuharibu kitu. Hilo lishike sana mama yangu, manake watoto wataumwa, shifti itaongezwa, utaruka. Siku inayofuata vua viatu, andika minne.

Habari dada, naandika miswada ya filamu fupi. Siku hizi kila nikikwama naiuliza akili mnemba, inanipa mawazo kumi kwa sekunde. Wenzangu wengine wananiambia ni udanganyifu, wengine wanasema nisipotumia nitaachwa nyuma. We unasemaje?
*Wa miswada*

Mi sioni dhambi kwenye kuitumia, naona hatari kwenye *lini*. Kuna majaribio ya Doshi na Hauser yaliyochapishwa 2024, waliwapa watu karibu 300 kazi ya kuandika hadithi fupi fupi, wengine wakaruhusiwa kupata mawazo toka kwa akili mnemba. Hadithi za waliosaidiwa zilipata alama nzuri zaidi, hasa kwa wale ambao hawakuwa wabunifu sana. Ila zilipowekwa pamoja zilikuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe kuliko za wasiosaidiwa. Yaani kila mmoja peke yake alipata nafuu na kwa pamoja walipoteza.

Kwa mtu anayetaka sauti yake ijulikane hilo ni jambo la kuogopa kweli. Kwa hiyo kwangu sheria ni ile ile niliyomwambia wa sentensi mbili, toa kwanza. Rasimu ya kwanza iwe yako yote na ubaya wake. Ukikwama kaa na kukwama huko hata siku mbili, manake yale mawazo kumi ya sekunde moja ni yale ambayo kila aliyeuliza swali kama lako amepewa yanayokaribiana nayo. Rasimu ikishasimama, iulize vitu vya kifundi: wapi mtazamaji atachanganyikiwa, mhusika gani ametajwa mara moja akapotea, wapi muda haujajumlika. Na ikikutajia tukio la kihistoria au sheria hakikisha mwenyewe kwingine, inajua kutunga kwa kujiamini sana.

Dada mi ni mtu wa muziki, natengeneza biti. Wiki ya tatu sasa nakaa mbele ya kompyuta masaa sita na hakuna kinachokuja. Nikae masaa mangapi?
*Biti kimya*

Usikae, inuka. Oppezzo na Schwartz wa Stanford walipima mwaka 2014, watu wakitembea mawazo mapya yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60 hivi kulinganisha na wakiwa wamekaa, hata waliotembea kwenye mashine ndani wakitazama ukuta mtupu. Kwenye maswali yenye jibu moja tu kutembea hakukuwasaidia, kwa hiyo usitembee wakati wa kumiksi, tembea wakati wa kutafuta. Na spika za masikio ziache nyumbani, ukiweka muziki wa wengine masikioni bado unapokea. Mwanahisabati wa Ufaransa Henri Poincaré alisimulia jinsi jibu alilolihangaikia muda mrefu lilivyomjia ghafla anakanyaga ngazi ya basi pale Coutances, akiwa safarini na hesabu ameshazisahau. Ila kumbuka alikuwa ameshazihangaikia kwanza. Masaa yako sita ya wiki tatu hayajapotea, yamekaa yanakusubiri utoke nje.

Mwanangu hujambo. Mimi ni mstaafu wa miaka 67, naandika kumbukumbu za maisha yangu kwa ajili ya wajukuu. Mwezi uliopita kompyuta ilizimika na haikuwaka tena, kurasa 40 zimekwenda. Nimevunjika moyo. Isitoshe sura ya marehemu baba yangu imenishinda kila nikiianza. Niendelee?
*Babu wa kurasa arobaini*

Shikamoo baba. Pole sana, kurasa 40 ni miezi ya mtu, na wala sitakuambia eti zitarudi bora zaidi. Kabla ya yote mpelekee fundi hiyo kompyuta umwambie shida yako ni mafaili, sio kuiwasha, manake mara nyingi mashine inakufa na diski ndani iko nzima, ikitolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine maandishi yako yanaweza kuwepo. Asifute wala kuweka programu upya kabla hajakujibu hilo.

Kuanzia sasa fuata utaratibu wa wapiga picha, kopi tatu, sehemu mbili za aina tofauti, na moja ikae mbali na nyumba. Kwako ni rahisi: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi anayokaa nayo mtoto wako nyumbani kwake, na ya tatu jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe kila Ijumaa ukimaliza kuandika. Mwambie mjukuu mmoja akuonyeshe mara moja, alafu ufanye kwa mkono wako mwenyewe akiwa anakuangalia, hapo hutasahau.

Kuhusu sura ya baba yako, nahisi inakushinda sio kwa sababu ya kompyuta. Labda ni kwa sababu unaianza na maisha yake yote, kuzaliwa, kazi, kifo, na mtu huyo ni mkubwa mno kwenye ukurasa mtupu. Iache kompyuta kabisa kwa hii sura moja. Kesho asubuhi, kabla redio haijawashwa na kabla mtu hajapiga simu, chukua kalamu na daftari uandike mikono yake tu, ilikuwaje, ilikuwa inashika nini, ilikugusa lini. Ikifika nusu ukurasa niandikie, tutaona kinachofuata.